Harufu Tuliyoizoea

Tulipofika Kibaha, mke wangu alisema ananusa kitu kinaungua. Nilimwambia ni lori lililokuwa mbele yetu, na kweli lilikuwapo lori, likijikongoja na kutema moshi mweusi. Nikalipita. Harufu ikabaki nasi, na mimi nikabaki na jibu langu lile lile.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu naona familia za hapa nchini zimeanza kusafiri kama tulivyosafiri sisi. Zamani gari la kulala lilikuwa jambo la wageni waliopita wakitoka Cape Town kwenda Nairobi, na sisi tukiwapungia mkono barabarani. Sasa mtu wa Tabata au Mbezi ananunua gari lililotumika, anamwita seremala, anafunga magodoro, na likizo ya Juni ikifika anawapakia watoto. Ni jambo jema. Watoto wangu wameijua nchi yao kwa njia hiyo kuliko kwa vitabu. Lakini ninawaomba wenzangu wasikilize jinsi tulivyojikwaa, maana tulionywa mara nyingi, na kila onyo nililipatia maelezo.

Gari letu lilikuwa Toyota Hiace iliyokwisha kubeba abiria miaka mingi kabla haijafika mikononi mwangu. Seremala aliondoa viti vya nyuma akaweka kitanda cha mbao, kabati na meza ya kukunja. Juu ya paa tulifunga tangi la maji la lita 100. Ndani tulikuwa na mtungi wa gesi wa kilo 15, betri ya pili kwa ajili ya taa, vyombo, mablanketi na madaftari ya shule. Tangi likijaa, maji peke yake yalikuwa kilo 100, nazo zimekaa juu kabisa ya gari. Sikuwahi kulipeleka kwenye mizani. Wala sikumuuliza fundi yeyote kama breki zile zingeweza kuizuia nyumba niliyoipakia juu yake.

Na nyumba ina harufu zake. Mle ndani mlinuka vitunguu vya jana, mafuta ya taa, godoro lililolowa, nguo za watoto. Kila asubuhi, mama yao alipowasha jiko, harufu ya gesi ilitutangulia kabla ya chai. Reguleta ilikuwa imelegea kidogo, na mimi nilijua. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Huwekewa ile harufu kali kwa makusudi ili pua ipate habari kabla ya moto. Tena ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja ndani ya gari huzama chini na kukaa sakafuni, pale pale watoto wanapolala. Hayo yote niliyajua. Nilifungua mlango wa pembeni, nikapepea kwa kanga, tukanywa chai. Baada ya wiki mbili za kujaribu gari uani kwetu, hakuna aliyeisema tena harufu ile. Tulikuwa tumeizoea, na pua iliyozoea harufu moja huacha kuuliza hata inapokuja nyingine.

Chalinze tulisimama kula. Binti yangu mdogo alinawa mikono kando ya gurudumu la mbele la kushoto, maji yakaruka yakagusa rimu, yakachemka papo hapo na mvuke ukapanda. Akaja mbio kunionyesha. Nikamwambia magurudumu yote hupata moto safarini. Ni kweli hupata moto, lakini sikusogea hatua nne kulikaribia la kulia ili nilinganishe. Ningefanya hivyo, ningekuta la kulia lina uvuguvugu tu. Kulinganisha huko kusingechukua muda hata wa kumeza funda moja la chai.

Baada ya Chalinze usukani ulianza kuvuta kushoto. Nikailaumu barabara, kwamba malori yameichimba.

Ukishapita Mikese, milima ya Uluguru hujitokeza mkono wa kushoto, myeusi chini na yenye mawingu juu, na mtu husahau kila kitu. Watoto walipiga kelele. Maji tunayokunywa Dar es Salaam huanzia huko, kwenye vijito vinavyouingia mto Ruvu, nami niliwaeleza hayo kwa furaha huku harufu ya kuungua ikiwa imejaa garini. Mke wangu hakusema tena. Nadhani alichoka kujibiwa.

Tuliingia Morogoro mchana wa Jumamosi na, kwa kuwa usukani sasa ulinisumbua, nikatafuta gereji karibu na Msamvu. Fundi alikuwa kijana, pengine hakufika miaka thelathini. Alipiga jeki, akajaribu kulizungusha gurudumu la kushoto kwa mkono, likakataa. Alipolivua alinionyesha: pistoni inayosukuma pedi za breki ilikuwa imeganda, hairudi. Kwa hiyo tangu Dar es Salaam tulikuwa tukiendesha huku breki ya gurudumu moja imeshika. Pedi zilikuwa zimeungua zikang'aa kama kioo. Kisha akachovya kitambaa cheupe kwenye kichupa cha mafuta ya breki, kikatoka na rangi ya kahawa.

“Haya yamebadilishwa lini, mzee wangu?”

Sikujua. Akanieleza kwa subira, bila kunidharau, kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, na yakishakaa miaka mingi hayavumilii tena joto. Baadaye nilisoma na kukuta alivyosema ndivyo. Mafuta ya aina ya DOT 3, ambayo magari mengi ya kwetu hutumia, yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi nyuzi 140 tu. Yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea. Unakanyaga pedali, unabonyeza mvuke, na gurudumu halipati habari.

Aliisafisha ile pistoni kadiri alivyoweza, akaweka pedi mpya, akaongeza mafuta. Mpira wa pistoni hakuwa nao. Angeagiza kwa rafiki yake Kariakoo, na kwa kuwa kesho ilikuwa Jumapili, kifurushi kingeletwa na basi Jumatatu asubuhi. Siku hiyo ndipo angetoa mafuta yote ya zamani, aweke mapya na kutoa upepo.

“Hapa mjini zunguka taratibu,” akaniambia, akifuta mikono. “Mlimani usilipandishe. Subiri Jumatatu.”

Nilimshukuru, nikamlipa, na nilipokanyaga pedali ilikuwa ngumu, nzuri, kama ya gari jipya. Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami. Pedali ile ngumu ndiyo iliyonidanganya. Nililinganisha neno la fundi na mguu wangu, nikauamini mguu.

Jioni ile tulitembea kwa miguu hadi Rock Garden, chini ya mlima, watoto wakachezea maji kwenye mawe hadi giza lilipokaribia. Matembezi yale yangetutosha. Lakini tulipolala kwenye uwanja wa nyumba ya wageni, jirani alitusifia Nyandira, huko Mgeta: baridi, mashamba ya kabichi na njegere yaliyoning'inia mlimani, soko la mboga, mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway waliopelekwa huko miaka ya 1980 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Sokoine. Watoto wakasikia neno mbuzi, basi. Magari ya abiria ya kwenda huko yapo, kila mkazi wa Morogoro anayajua. Tungeliacha letu likisubiri mpira wake, tukapanda la abiria asubuhi na kurudi jioni. Sitamsingizia mtu. Niliona aibu kuwa na gari la kulala kisha nipange foleni ya daladala.

Jumapili tulitoka kwa barabara ya Iringa, tukakata kushoto Sangasanga, tukapita Mzumbe na Mlali, na baada ya hapo barabara ikaanza kupanda. Gari lilipanda vizuri. Kila kona niliyoipita ilizidi kunihakikishia kwamba fundi alikuwa na woga wa ujana. Sikukumbuka jambo ambalo hata mwanafunzi wa udereva analijua, kwamba kupanda hakujaribu breki.

Nyandira tuliipenda. Tulikula viazi vya moto na njegere, binti akambembeleza mtoto wa mbuzi, mke wangu akanunua kabichi nne kubwa ambazo nilizipakia kwenye kabati bila kufikiri kuwa ni uzito mwingine. Tulipokuwa tukiondoka, utingo wa lori la mboga alisogea dirishani. Alikuwa ameliona gari letu, tangi juu na vitu tele ndani.

“Shikamoo mzee. Kushuka weka gia kubwa, namba moja. Breki usizikalie.”

Nikamwitikia marahaba. Gari letu ni la otomatiki, kwa hiyo niliweka L kama alivyosema. Injini ikanguruma sana. Mke wangu akauliza kama gari lina tatizo, watoto wakaziba masikio, nami nikarudisha D ili watu wangu wakae kwa amani. Malori ya mboga yanayoshuka mlima ule kila siku yananguruma hivyo hivyo, polepole kama mtu anayeshuka ngazi na mzigo kichwani. Ngurumo ile ndiyo usalama wao, maana ni injini inayolishika gari, na breki zinapumzika. Mimi nililiacha gari lijiendee, mguu wangu ukiwa juu ya breki kona baada ya kona.

Harufu ikarudi. Safari hii niliitambua, na safari hii nilisimama. Tulikaa kama dakika kumi. Nikakanyaga pedali mara tatu, nne; ilikuwa imelegea kidogo, kisha ikakaza. Nikasema imepona.

Ndugu msomaji, mafuta yaliyochemka yakipoa, mapovu hupotea na pedali hurudi kuwa ngumu. Haijapona. Joto likirudi, nayo italegea tena, na mara ya pili huja upesi kuliko ya kwanza. Kama kuna sentensi moja ninayoomba ikae kichwani mwako utakapokuwa Kitonga, au Sekenke, au mteremko wowote ule, ni hiyo.

Hatukufika mbali. Nilikanyaga kabla ya kona, pedali ikaenda hadi sakafuni kama nimekanyaga mkate. Nikakanyaga tena, hakuna kitu. Nikavuta breki ya mkono, nikarudisha L nikiwa nimechelewa. Upande mmoja kulikuwa na korongo, upande wa pili ukingo wa udongo mwekundu, nikalielekeza gari kwenye udongo. Liliparuza ukingo kwa hatua nyingi, likapungua mwendo, na nilipodhani limesimama, uzito wa maji ya paani ukalivuta. Tukalala ubavu.

Mke wangu alivunjika mkono. Mwanangu wa miaka kumi na miwili alivunjika mguu, na si ajali iliyomvunja bali mtungi wa gesi. Mtungi ule sikuwahi kuufunga kwa mkanda. Ulikuwa umesimama pembeni ya kabati tangu siku ya kwanza, na gari lilipolala ulimwangukia. Reguleta iliyokuwa imelegea ikang'oka, na katika ukimya unaofuata ajali nikasikia gesi ikitoka, na ile harufu ya kila asubuhi ikajaa kote, sasa kali mno hata macho yakatoka machozi.

Watu walikuja upesi, kama wanavyokuja watu wa vijijini kwetu, kutoka mashambani wakiwa na majembe. Nilisikia sauti ya mzee ikiwazuia. “Msisogee wote! Mwenye sigara atupe. Simu rudisheni nyuma. Mmesahau Msamvu?” Vijana wawili tu ndio waliokaribia. Mmoja akavunja kioo cha nyuma, akaingia, akafunga koki ya mtungi. Mwingine akapokea watoto mmoja mmoja. Hakuna cheche iliyoruka. Tulitoka hai sote watano.

Mzee yule alijua alichokuwa akikisema. Asubuhi ya Jumamosi, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, si mbali na stendi ya mabasi. Petroli ikamwagika. Watu wakakimbilia na madumu na ndoo, madereva wa bodaboda wakasimama, wapita njia wakasogea kutazama. Kisha moto ukalipuka. Watu zaidi ya 60 walikufa siku ile, na waliobaki na majeraha wakaendelea kufariki siku zilizofuata, wengine wakiwa wamehamishiwa Muhimbili, hadi idadi ikapita 100. Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza maziko kwenye makaburi ya Kola, katika siku zile zile za Idi ya kuchinja ambayo familia nyingi zilikuwa zimejiandaa nayo.

Wakati ule nilikuwa miongoni mwa waliouliza, tena kwa ukali, kwamba watu wale hawakuinusa petroli? Siulizi tena. Kila mmoja aliinusa. Lakini kila mmoja aliwaona wengine wakiwa wamesimama ndani ya harufu ile ile bila kudhurika, dakika ya kwanza, ya tano, ya kumi, na kila dakika iliyopita salama ikawa ushahidi kwamba hakuna hatari. Ndivyo ilivyokuwa hata kwenye moto wa lori la mafuta huko Sachangwan, Kenya, Januari 31, 2009, na Sange, Kivu Kusini, Julai 2010, ambako lori moja la mafuta liliua watu zaidi ya 200. Na ndivyo nilivyokuwa mimi tangu Kibaha, peke yangu, bila umati wa kunishawishi. Kila kilomita niliyoipita salama niliihesabu kuwa jibu.

Kwa hiyo sasa nina masharti yangu, na nawaomba wenye magari ya kulala wayapime. Tukisimama popote, kabla ya mtu kushika kikombe, nazunguka gari na kusogeza kiganja karibu na kila rimu, bila kugusa. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mengine, safari imeishia hapo hadi fundi aseme. Mafuta ya breki nayabadilisha kila baada ya miaka miwili, na kabla ya safari ndefu navua magurudumu hata kama hakuna kilicholia. Tangi la paani halipo tena; maji yako chini, katika madumu. Mtungi ni mdogo, umefungwa kwa mkanda wa chuma, na koki yake hufungwa kabla injini haijawashwa. Mtu yeyote garini, hata mtoto wa miaka sita, akisema ananusa kitu, tunasimama, na hakuna anayeruhusiwa kumpa jibu kabla hatujashuka kutazama.

Na fundi akikwambia usubiri hadi Jumatatu, subiri. Morogoro si mahali pabaya pa kusubiri. Kuna mito ya kuiendea kwa miguu, kuna waongozaji wa kukupeleka msituni kwenye hifadhi, kuna soko lenye ndizi na mananasi, na magari ya abiria ya kwenda Mgeta yanaendeshwa na watu waliozaliwa na mteremko ule.

Kifurushi kutoka Kariakoo kilifika Msamvu Jumatatu saa nne asubuhi, kama fundi alivyoahidi. Alinipigia simu kunijulisha. Nilipokea nikiwa hospitalini, nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, nikisubiri mwanangu atoke kufungwa plasta.